Kreni ya mbao inagoma? Twende dalili kwa dalili

Kreni ya mbao ukishaimaliza inapendeza sana pale mezani, umeipiga msasa umeipaka vanishi kila anayepita anaishika, alafu siku unaning'iniza mzigo wa kwanza ndo unaijua tabia yake. Yangu ya kwanza ilinyanyua kopo la misumari kama sentimita kumi hivi ikalala kifudifudi, misumari yote chini. Ya pili haikuanguka ila hendeli ilikuwa ngumu mpaka nikaanza kuizungusha kwa mikono miwili, na kreni inayozungushwa kwa mikono miwili kunyanyua nusu kilo sio kreni hiyo ni adhabu.

Kitu nilichochelewa kukielewa ni kwamba kwenye kreni ugonjwa unaonekana huku na chanzo kiko kule. Mkono unapinda, unabadilisha mbao ya mkono mara mbili, kumbe shida ni nguzo fupi. Hendeli ngumu, unapaka nta kwenye hendeli, kumbe kapi la juu kabisa (kapi ni kile kigurudumu chenye mfereji kinachopitisha kamba) ndo limebana. Kwahiyo usikimbilie kufungua pale panapolia. Anza kwenye ndoano, fuata kamba mpaka kwenye hendeli, kila inapogusa kitu simama uangalie.

Mzigo wa kujaribia tumia chupa ya plastiki na maji, sababu mililita 100 za maji ni gramu 100, hakuna haja ya mizani. Anza na chupa tupu, ongeza mia mia, na ukiona dalili mpya simama hapohapo usiendelee kumimina. Vipimo nitakavyotumia humu ni vya kreni yangu ya sasa: mkono sm 40, nguzo sm 20, kitako sm 20 kwa 20, mzigo gramu 500. Yako ikiwa tofauti badilisha namba, hesabu ni ileile.

Inaanguka mbele

Kwanza angalia nini hasa kinanyanyuka. Kama kitako chote kinaacha meza, hiyo ni hesabu ya uzito. Kama kitako kimetulia ila sehemu ya juu inayozunguka ndo inainama na kuachia nafasi kwa nyuma, uzito hauna kosa, bolti ya katikati imelegea au tundu lake limetanuka. Ni magonjwa mawili tofauti, na wengi tunatibu la pili kwa dawa ya la kwanza, unarundika mawe nyuma na kreni bado inainama.

Hesabu ya uzito iko hivi. Kreni inapinduka kwenye ukingo wa mbele wa kitako, sio katikati. Kitako changu kina sm 20 kwahiyo ukingo uko sm 10 kutoka katikati. Mzigo uko sm 40 kutoka katikati, maana yake sm 30 nje ya ukingo. 500 mara 30 ni 15,000. Mkono wenyewe una gramu 120 na uzito wake unakaa katikati yake, sm 10 nje ya ukingo, hiyo 1,200. Jumla upande wa kuangusha 16,200. Upande wa kushikilia, kitako pamoja na nguzo ni gramu 400 mara sm 10, yaani 4,000. Bado 12,200 hazina mtu wa kuzibeba. Uzito wa nyuma nimeuweka sm 15 nyuma ya katikati, kwahiyo kutoka ukingo wa mbele ni sm 25, gawanya 12,200 kwa 25 unapata gramu 488. Hizo 488 ni za kusimama kwa kubahatisha, mtoto akipiga chafya inaanguka, mi nimeweka 700.

Usiwe mchoyo wa akili ukasema basi nisogeze uzito nyuma zaidi niokoe gramu. Mzigo ukitoka mambo yanageuka, sasa inataka kuanguka chali kwenye ukingo wa nyuma. Hizo 700 nikizipeleka sm 25 nyuma zinakaa sm 15 nje ya ukingo wa nyuma, ni 10,500, na vinavyozuia ni kitako 4,000 na mkono 120 mara 30 ambayo ni 3,600, jumla 7,600. Inalala chali bila hata kuguswa.

Halafu kuna hili la uzito wa nyuma kuwekwa kwenye kitako badala ya kwenye sehemu inayozunguka. Ukielekeza mkono mbele kila kitu safi, ukiuzungusha pembeni unadondoka, maana uzito umebaki kulekule. Uzito uzunguke na mkono, mgongo kwa mgongo. Na kitako kikiwa mstatili jaribu upande ule mwembamba, ukivuka hapo umevuka kote.

Mkono unashuka au unapinda

Hapa ndo nilipoteza mbao nyingi. Mkono wa kreni hauvunjwi sana na mzigo kuuvuta chini, unaminywa kwa urefu wake, kamba ya kuushikilia inavuta kutoka juu ya nguzo na mkono unasukumwa kurudi kwenye nguzo. Sasa nguvu ya hiyo kamba inategemea urefu wa nguzo kuliko unavyofikiria. Mkono ukiwa umelala wa sm 40, nguzo sm 20, mzigo gramu 500, kamba inavutwa kama kilo 1.1. Nguzo ukiifanya sm 10 kwa sababu inaonekana vizuri kwa macho, kamba ileile inavutwa zaidi ya kilo 2. Mzigo haujaongezeka hata gramu. Kwahiyo ukiona kamba ya mkono inakatika, au inakula mbao pale juu ya nguzo inaacha kamfereji, au mkono unashuka taratibu kadri unavyoongeza maji, refusha nguzo kwanza kabla hujanunua kamba nene.

Mkono ukipinda kwenda pembeni (sio chini) hiyo ni fito nyembamba na ndefu inakimbia mminyo. Fito ukiongeza urefu mara mbili, nguvu ya kuikunja inashuka mpaka robo, kwahiyo dawa sio kila mara mbao nene, dawa ni kuikatisha urefu kwa kuiunganisha katikati. Fanya mkono wa fito mbili zilizoachana chini kama miguu ya ngazi na kukutana juu, alafu weka vipande vya kukingama. Vya kukingama peke yake havitoshi weka na vya mshazari. Mraba ukiusukuma kona unalala, pembetatu hailali hata ukiikasirikia.

Na angalia chini mkono unapokaa kwenye bawaba yake. Bawaba yenye mchezo wa milimita moja, kwenye ncha ya mkono sm 40 mbali unaona sentimita nzima inacheza, unadhani mkono mzima ni mbovu kumbe ni tundu.

Hendeli ngumu

Ukiwa na haraka utasema paka grisi. Subiri. Toa ndoano, toa kamba kwenye makapi yote, zungusha hendeli tupu. Ikiwa ngumu hapo tayari, shida ni ngoma, pale kamba inapojiviringisha, na ekseli yake (kijiti inachozungukia). Ikiwa laini, pitisha kamba kapi moja, vuta kwa mkono, usikilize. Pitisha la pili, vuta. Utafika lile linalokataa. Dakika kumi tu, mimi nilikuwa nafungua kreni nzima siku nzima.

Mara nyingi utakuta matundu mawili ya ekseli hayatazamani. Ulitoboa ubao wa kushoto, ukapima tena, ukatoboa wa kulia, tofauti milimita moja na nusu, ekseli inaingia kwa kulazimishwa na ukizungusha inabana sehemu moja ya mzunguko na kulegea nyingine. Hakuna kurekebisha kwa msasa hapo, utatanua tundu tu na kupata mchezo. Bana vipande viwili pamoja kwa klempu, toboa vyote kwa mpigo mmoja, na hakikisha kwa gonia kwamba drili imesimama wima.

Kingine ni unene wa ekseli. Hii watu hawaiwazi kabisa. Msuguano wa kapi unategemea ekseli nene kiasi gani ukilinganisha na kapi lenyewe. Kapi la sm 3 kwenye kijiti cha mbao cha milimita 6 linakula nguvu mara tatu ya lile lile kwenye chuma cha milimita 2, kama msuguano wa vifaa ni uleule, na chuma laini kina afadhali zaidi ya mbao kwa mbao. Spoki ya baiskeli ndo dawa yangu. Kata, nyoosha, pitisha, ndani ya tundu la kapi sukumia kipande cha mrija wa peni kiwe bushi. Kapi linazunguka mpaka unaliacha linaendelea lenyewe.

Mafuta ya maji usiweke kwenye mbao, yananyonywa tu. Sugua nta ya mshumaa au unga wa penseli. Na kama kreni ilikuwa laini miezi ya ukavu alafu msimu wa mvua ikagoma, wala usijilaumu, mbao imekunywa unyevu ikatanuka kwa upana wa nyuzi zake. Acha nafasi kidogo pembeni ya kila kapi na weka washa (kile kiduara chembamba chenye tundu katikati).

Dalili ndogo ya kuangalia: unga mwembamba wa mbao chini ya ekseli baada ya kuzungusha sana. Pale unga unapodondokea juu yake ndo panaposaga. Ukiwa huna uhakika paka penseli ubavu wa kapi, zungusha mara ishirini, paliposuguka rangi pamefutika.

Mzigo unapanda kwa kuruka ruka

Hesabu. Ukiruka mara moja kila mzunguko wa hendeli, ngoma haiko katikati au si duara. Ukiruka mara moja kila mzunguko wa kapi, ni kapi hilo, tundu limekwenda pembeni. Weka alama ya peni ubavuni mwa kila kapi utaona lipi linakutana na mruko. Kapi la mbao nzima la kukatwa kwenye ubao nalo lina shida yake, linapasuka kufuata nyuzi, tumia plaiwudi, duara kubwa mbili nje na dogo katikati, gundi, umepata mfereji bila kuwa na mashine ya kukereza.

Ndoano inapanda ila haishuki

Hii inachekesha kwa sababu kreni inanyanyua nusu kilo fresh kabisa, ukitoa mzigo ndoano inaning'inia hewani kama imekufa, unaachia kamba na kamba inalegea tu kwenye ngoma. Kreni sio mbovu. Ndoano ni nyepesi kuliko msuguano wa makapi yote kwa pamoja. Kreni kubwa za kweli pia zina ndoano nzito au tufe la chuma juu ya ndoano kwa sababu hiyohiyo. Funga nati mbili tatu kubwa juu ya ndoano, na kama umeweka makapi mengi ya kupunguza nguvu jua kila unaloongeza linataka ndoano nzito zaidi, maana kamba zinazoibeba zimeongezeka na kila kapi lina msuguano wake. Kwa nusu kilo kapi moja linalotembea linatosha, nguvu inapungua nusu na kamba unavuta mara mbili. Watu wanaweka manne kwa sifa tu.

Kamba

Kamba ikiruka kwenye kapi ni kwamba ililegea kwanza. Inalegea ndoano inapogusa chini na wewe bado unaachia. Weka kijiti au msumari juu ya mfereji wa kapi, nafasi iwe ndogo kuliko unene wa kamba, haina pa kutokea.

Kamba ikijirundika upande mmoja wa ngoma mpaka inadondokea nje, angalia kapi la kwanza kamba inalokutana nalo ikitoka kwenye ngoma. Kama liko karibu sana kamba inaingia kwa pembe kali. Ngoma yangu ina upana wa sm 4 na kapi liko sm 30 mbali, kapi limetazama katikati ya ngoma, pembe haizidi digrii 4, inajipanga yenyewe. Nilipokuwa nimeliweka sm 8 ilikuwa vurugu. Pia kumbuka kamba ikipanda tabaka la pili ngoma inakuwa nene, kwahiyo hendeli inakuwa nzito juu kuliko chini, usije ukadhani kuna kitu kimebana.

Ndoano inazunguka kama pia na kamba mbili zinasokotana? Umetumia kamba ya kusokota, ukiipa mzigo inajisokotoa. Tumia ya kusuka kama ya viatu vyembamba au ya kuvulia iliyosukwa. Nailoni ya uzi mmoja inavutika, mzigo unadunda kama mpira.

Na ncha ya kamba kwenye ngoma ipite kwenye tundu ifungwe fundo, ibaki mizunguko mitatu hata ndoano ikiwa chini kabisa. Gundi peke yake itaachia siku una wageni.

Ukiachia hendeli mzigo unaporomoka

Huna breki basi. Gurudumu la meno na ulimi ndo njia rahisi, ile ya tak tak tak. Kama unalo na bado linaachia, angalia mambo mawili. Meno yakiwa ya mbao nzima yale yaliyokatwa kukatiza nyuzi yanamenyeka moja moja, utayakuta sakafuni kama punje za mchele, fanya ya plaiwudi. Na ulimi ukae hivi kwamba mzigo ukivuta unauingiza ndani zaidi ya jino, ukiwa umeegemea mgongo wa jino unateleza tu. Kaulimi kepesi kafunge raba ndogo ya kukavuta chini. Vidole weka mbali na hendeli unapojaribu, ikizunguka kinyume na nusu kilo inapiga kweli, mimi nilivimba kifundo wiki nzima.

Inazunguka yenyewe, au haitaki kuzunguka

Yenyewe: meza haiko sawa au bolti ya katikati imeinama. Mkono unatafuta upande wa chini kama maji. Weka pimamaji juu ya kitako, kikiwa sawa na bado inatembea basi ni bolti. Igeuze kitako chenyewe nusu duara, mkono ukienda upande uleule wa meza ni meza, ukifuata kitako ni bolti.

Haitaki: ubao umelala juu ya ubao na uzito wote uko hapo. Chonga mfereji wa duara kwenye kitako, jaza gololi za kioo za kuchezea watoto zilizo sawa ukubwa, ubao wa juu ukae juu yake. Duara liwe pana, lenye sm 14 linatulia kuliko lenye sm 6, linabeba ile nguvu ya kuinamisha sehemu ya juu badala ya kuiacha bolti ipambane nayo. Bolti yenyewe kaza na nati mbili zinazobanana, moja peke yake itajifungua kila ukizungusha kushoto.

Umeweka mota

Mota ndogo ya toi inazunguka maelfu kwa dakika na haina nguvu, ukiifunga moja kwa moja kwenye ngoma inalia tu. Inataka gia za kupunguza. Zile mota za njano zenye gia ndani, 1 kwa 48, zinafaa kwa kreni ya meza. Bado nzito? Punguza kipenyo cha ngoma, nusu ya kipenyo ni nusu ya nguvu ya kuzungusha kwa mota na mara mbili ya muda. Ikisimama na mzigo zima haraka, mota iliyokwama inakunywa umeme kuliko wakati wowote, waya na betri vinapata moto. Kupanda na kushuka tumia swichi ya pini sita, nyaya za kona umezivusha mkasi. Na ukizima mzigo ukarudi wenyewe, gia za kawaida hazizuii, gia ya skrubu ndo inazuia.

Ilikuwa sawa jana, leo imelegea

Angalia viungo. Gundi nyeupe ya mbao kwenye ncha ya ubao, pale nyuzi zilipokatwa, haishiki vizuri, inanyonywa. Kila kona weka kipande cha pembetatu cha plaiwudi ubavuni, gundi na skrubu ndogo, na toboa tundu la skrubu kwanza kabla hujapasua mbao. Acha ibanwe saa 24, najua chupa inasema nusu saa, hiyo nusu saa ni ya kuondoa klempu tu.

Na usilale umeacha mzigo umening'inia. Gundi hiyo ikivutwa muda mrefu inasogea polepole hata kama imekauka, huioni, hakuna kilichovunjika, ila asubuhi ncha ya mkono imeshuka sentimita mbili na kila kona ina kamstari kapya keupe. Yangu nilipoikuta hivo nilibandua kona tatu kwa kisu, nikakwangua gundi ya zamani mpaka mbao ikaonekana, nikaweka pembetatu na skrubu. Kona ya nne sikuigusa kwa uvivu, na ndo hiyo inayolia kila nikinyanyua zaidi ya gramu 400.